Tope Nililomwaga Butiama

Simu ilinikuta shambani Kiriba nikipalilia mihogo, na aliyepiga hakujua kwamba ananipa msiba wangu. Alikuwa kijana wa ofisini, mwenye sauti ya heshima, anasoma majina kwenye orodha. "Mzee Masatu? Tunawajulisha wote waliowahi kufanya kazi na Madamu Wegesa. Ametutoka. Tunazika Alhamisi, nyumbani kwao Butiama." Nilimshukuru, nikaiweka simu mfukoni, nikapalilia mstari mzima mpaka mwisho ndipo nikakaa chini. Nilifanya naye kazi mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa nakaribia sabini. Kutoka Kiriba hadi Butiama si safari ya mtu kulala njiani. Unatoka asubuhi, mchana umefika, jioni umerudi kwako. Lakini tangu mwaka ule sikwenda kumsalimia hata mara moja, na sababu ya kutokwenda ndiyo ninayotaka kuiandika hapa, mkono wangu ukiwa bado umetulia.

Ofisi yetu ilikuwa Musoma mjini, kwenye stoo ya zamani ya pamba, hatua chache kutoka ziwani. Chumba cha mbele kilikuwa chumba kama vyumba vingine: meza, benchi, jiko la mkaa, simu nyeusi ya mezani. Chumba cha nyuma ndicho kilichonishangaza. Hakikuwa na chuma. Madamu Wegesa aling'oa misumari yote ukutani kwa mikono yake, akaziba matundu, akapaka rangi mara tatu, akatandika nailoni mezani na kuining'iniza mlangoni badala ya mlango wenye komeo na bawaba. Kabla ya kuingia ulivua saa, ulivua mkanda, ulitoa funguo na sarafu mfukoni, ukaviacha vyote kwenye kikapu cha ukindu kilichokuwa mlangoni. Siku moja alikuja afisa kukagua, mtu mnene kidogo aliyeanza kupungua. Alipoambiwa avue mkanda alisema, "Madamu, suruali hii ni kubwa." Madamu akamjibu bila kucheka, "Basi ishikilie, mheshimiwa." Akaingia ameikamata suruali kwa mikono miwili, akakagua haraka kuliko mkaguzi yeyote niliyewahi kumwona, akatoka akisema kila kitu kiko sawa.

Mimi nilidhani ni maringo ya msomi, mpaka aliponieleza kitu anachokitafuta kilivyo kidogo. Aliniambia nifikirie tangi kubwa la maji la shule ya bweni, kisha nifikirie punje moja ya chumvi imedondoka humo. Yeye kazi yake ilikuwa kuikuta ile punje na kusema ina ukubwa gani. Kwa hiyo kutu kidogo kutoka kwenye bizimu ya mkanda wangu ingeweza kusema uongo mkubwa kuliko mto mzima. Chupa zake alizilowesha kwenye tindikali siku nzima, akazisuuza mara saba, akazifunga kwenye mfuko, na mfuko ule akautia ndani ya mfuko mwingine. Alizihesabu kwa mdomo kama mama anavyohesabu watoto wakati wa kushuka kwenye lori. Nilimwona akifanya hivyo kila wiki kwa mwaka mzima na sikumwona hata siku moja akisuuza mara sita.

Alikuwa na miaka thelathini na kitu wakati ule. Alisoma nje, akakaa miaka kadhaa kwenye meli za utafiti, katikati ya bahari isiyoonyesha nchi kavu upande wowote, akiuliza swali moja tu. Maji ya bahari yana madini ndani yake, shaba, risasi, zebaki, machache mno kuonekana. Ndani ya maji hayo hayo kuna chembe zinazozama mchana na usiku: vumbi lililoletwa na upepo, mabaki ya viumbe vidogo, udongo wa mito. Madini hung'ang'ania chembe hizo na kuzama nazo. Mengine hufika chini kabisa. Mengine huachia njiani na kurudi majini. Yeye alitaka kujua ni nini kinachoyafanya yashike, na nini kinachoyafanya yaachie. Alipochoka na bahari ya watu wengine alirudi nyumbani kuliuliza ziwa letu swali lile lile.

Siku aliyonifundisha jambo hilo tulikuwa Nyamuswa, tukisubiri basi la kurudi Bunda, na basi lilikuwa limechelewa kama kawaida yake. Tulikaa kwenye ubao mbele ya hoteli ndogo, tunakula maharage na chapati, huku ng'ombe wakiswagwa kwenda josho. Madamu aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza huku bado anatafuna, "Masatu, umechungaga wewe?"

"Nimechunga, Madamu. Mpaka darasa la saba."

"Kupe wa Butiama anafikaje Bunda?"

"Anapanda ng'ombe."

"Kwa miguu yake mwenyewe asingefika?"

"Angefika amezeeka."

Alicheka mpaka akaweka chapati chini. "Basi madini yangu ni kupe. Ng'ombe ni ile chembe ya tope. Kupe peke yake haendi mbali. Akidandia ng'ombe, anakwenda anakokwenda ng'ombe. Ukitaka kujua wilaya ina kupe wangapi, utawatafuta wapi? Kwenye majani?"

"Kwenye ng'ombe."

"Kwenye ng'ombe! Watu wanapima majani, wanasema hakuna kupe." Akanyoosha kidole kuelekea josho. "Na kinachomfanya aachie ni nini?"

"Dawa."

"Ziwa nalo lina josho lake. Kule chini pasipo na hewa, ndani ya tope jeusi linalonuka. Na popote maji yanapochachuka. Tofauti ni moja, Masatu. Kupe wa hapa anakufa. Wangu hawafi. Wanaachia tu, wanasubiri ng'ombe mwingine. Na ng'ombe huyo mwingine anaweza kuwa samaki." Mwenye hoteli alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, akasema, "Dada, na mimi nimekuelewa, ila sasa siwezi tena kula samaki." Madamu akamjibu, "Kula tu, kaka. Ndiyo maana mimi nafanya kazi hii, ili wewe ule."

Naeleza mambo haya kwa urefu ili mtu yeyote asiseme kwamba sikufundishwa. Nilifundishwa vizuri kuliko nilivyofundishwa shuleni. Niliyapampu maji kwa mkono kupitia karatasi nyeupe ya chujio, mviringo mdogo kama kifuniko cha chupa ya soda, na nikaona kila mara jinsi alivyoitunza ile karatasi. Maji ya ziwa yaliiacha na rangi ya chai hafifu. Maji ya mto wakati wa mvua yaliiacha na duara la kahawia lililokoza. Alikuwa akiinua duara lile kwa koleo ya plastiki kuelekea dirishani, jua likipita, na kusema, "Huyu hapa ng'ombe wetu." Kisha tulitoka kwenda chumba cha mbele kula ugali wa muhogo na sato aliyempika mwenyewe asubuhi, na akiwa anakula hakuzungumzia kazi, alinisimulia jinsi mabaharia wanavyopika wali mbaya.

Mwaka ule watu walianza kuosha dhahabu kwenye kijito kimoja nje ya Butiama. Walisaga mawe, wakachanganya na zebaki, ambayo wenyewe waliiita makyuri, na maji yaliyobaki yakarudi kijitoni. Chini ya hapo kijito kiliingia kwenye lambo, na lambo hilo ndilo lililonywesha ng'ombe na watu wa kijiji kizima. Wanakijiji waligawanyika. Wengine walitaka mashimo ya kuoshea yahamishiwe upande wa pili wa kilima, mbali na maji. Waosha dhahabu walikataa, kwa sababu kule ingewabidi kubeba maji kwa punda. Wakakubaliana kwamba Madamu apime lambo na kijito, na jibu lake ndilo litakaloamua. Binti wa Butiama, msomi, hana upande. Kila mtu aliridhika naye.

Ilikuwa tupime baada tu ya mvua kubwa. Mashine ya kusomea chupa ilikuwa Dar es Salaam, na rafiki yake wa huko alikuwa ametenga siku mbili tu. Wiki hiyo hiyo Madamu alishikwa na malaria, akalazwa. Nilimkuta kitandani, macho ya njano, dripu mkononi. Aliniambia niende peke yangu. Chupa tatu: kijitoni, mdomoni mwa lambo, katikati ya lambo. Nitie matone ya tindikali, nifunge, nipeleke kwenye basi bila kupitia ofisini. "Yachukue maji kama yalivyo," alisema. "Usiyachague. Usiyasubiri." Nikasema nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa.

Nilifikia kwa mama mmoja aitwaye Nyangeta, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mjamzito, mwenye mdomo mwepesi, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu zaidi na lambo kuliko zote. Aliniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, meupe kabisa. Kwake kulikuwa na mitungi miwili: mmoja wa jana na mmoja wa leo. Maji ya leo huachwa yatuame. Maji ya jana ndiyo yanayonywewa, yakimiminwa polepole, na tope la chini hutupwa. Hata kwetu Kiriba kwa wale wanaochota mtoni ni hivyo hivyo. Mgeni hapewi maji yenye tope. Ukimpa, umemtukana, na mama yako atasikia habari hiyo kabla ya jua kuzama.

Jioni nilichota maji kwa ndoo tatu za plastiki alizoniazima. Nilikagua kila ndoo kama ina mshikio wa chuma, nikaufungua na kuutupa pembeni, nikajiona fundi. Maji yalikuwa mazito kama chai ya maziwa. Nyangeta alikuja akachungulia akiwa na mkono kiunoni.

"Kijana wa chupa, haya ndiyo unayopelekaga Dar es Salaam?"

"Ndiyo, mama."

"Hivi hivi? Na tope lake?" Akapiga makofi mara moja. "Watasema watu wa Butiama wanakunywa na ng'ombe. Yaache yatuame bwana, usituaibishe."

Alisema kwa utani na akaenda zake kupika. Mimi nilibaki nazitazama zile ndoo. Niliwaza watu waliovaa makoti meupe wakiziinua chupa zile na kutazamana. Niliwaza wakisema, Wegesa ametuletea uchafu. Somo la kupe lilikuwa kichwani mwangu lote, neno kwa neno. Lakini mkono wangu ulikuwa umefundishwa zamani zaidi. Nikaziacha ndoo mpaka asubuhi. Kulipokucha maji yalikuwa meupe, unaona hadi chini, na chini kulikuwa na tope laini, jekundu, limelala sawasawa. Nikaimimina ile sehemu safi kwenye chupa polepole, kwa uangalifu mkubwa, nikaridhika nilivyoweza kumimina bila kulitikisa tope. Kisha nikalimwaga tope kwenye shina la mpapai. Nikatia matone ya tindikali, nikafunga mfuko ndani ya mfuko, nikazisindikiza chupa mpaka kwenye basi. Zilikuwa nzuri, kama maji ya mvua.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya wiki chache. Nilikuwa chumba cha mbele nafuta meza, na Madamu alikuwa akiongea amenipa mgongo. Nilisikia upande wake tu. "Rudia... Zote tatu?... Hapana, hapo chini ya mashimo kabisa?... Basi. Basi, asante, dada." Akaweka simu chini, akakaa. Aliponigeukia aliniuliza taratibu, "Masatu, ulichukua maji kama yalivyo?"

Hapo ndipo nilipolijua kosa langu, pale pale, kama mtu aliyesukumwa. Nililiona tope jekundu kwenye shina la mpapai. Nilikuwa nimempelekea majani na ng'ombe wote nikawafukuza. Ningeweza kusema. Alikuwa amekwisha kuniandikia barua ya kunipeleka chuo, kusomea ufundi wa maabara, na barua ilikuwa juu ya meza ile ile niliyokuwa nafuta. Nikasema, "Ndiyo, Madamu. Kama yalivyo."

Akaniamini. Mtu anayesuuza chupa mara saba aliniamini kwa neno moja.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Nilisimama nyuma yake nimeshika daftari. Alisema alichotarajia kukikuta hakukikuta. Kwa vipimo vilivyofanyika, madini majini ni kidogo sana. Ataendelea kupima, lakini kwa leo hana la kuwazuia waosha dhahabu. Hao wakapiga kelele za furaha. Nyangeta akainuka na tumbo lake, akauliza mbele ya wote, "Madamu, mimi nina mimba, kama unavyoniona. Ninywe?" Madamu akamjibu, "Kunywa, mama. Maji ni safi." Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo pia. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Niliangalia daftari.

Tangu siku ile Madamu alianza kupungua. Alikwenda mwenyewe kwenye lambo, akachota tope la chini, akalitia kwenye chupa akazifunga zisiingize hewa. Tope lilikuwa jekundu. Baada ya wiki kadhaa likawa jeusi. Akachukua tone la maji ya juu, akapeleka, jibu likaja: madini yamejaa. Yalikuwa yameachia tope na kuingia majini, kama alivyosema miaka yote. Akafungua chupa moja, akaiacha ipate hewa, na kutu nyekundu ikaanza kujitengeneza upya kama utando, na madini yakarudi kuishika. Mtu mwingine angecheza. Yeye alikuwa anazidi kukonda, kwa sababu tope lilisema hivi na chupa zangu tatu zilisema vile, na yeye hakuwa mtu wa kuchagua jibu analolipenda. Mchana mmoja wa mwezi wa tisa tulikaa kula. Alikuwa amepika sato kwa nyanya, na hakumgusa. Mbele yake kulikuwa na karatasi za miaka yake ya baharini. Alisema, zaidi kwa sahani kuliko kwangu, "Labda nimekosea tangu mwanzo. Labda maziwa yetu hayafuati njia hiyo. Nitawaandikia wenzangu niwaambie wasitumie kazi yangu mpaka nianze upya." Akachukua kalamu.

Nikasema, "Madamu, niliyaacha yatuame."

Hakuelewa mara moja. Nikamwambia yote: ndoo, makoti meupe, mpapai. Nikamwambia na ile "ndiyo" niliyomjibu. Nilisubiri anifukuze. Aliisukuma sahani pembeni. Kisha akauliza, "Kwa saa ngapi?"

"Jioni mpaka asubuhi."

"Ndoo za kimo gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Akaivuta rula, akapima mkono wangu kutoka mezani, akaandika. Akauliza nilipomimina nilibakiza vidole vingapi. Akaandika. Akauliza ndoo zilikuwa kivulini au juani. Aliandika kwa muda mrefu, na kadiri alivyoandika ndivyo uso wake ulivyokuwa ukirudi. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Kwa hiyo akina mama wa kule wanafanya kazi ya chujio langu kila siku, na mimi sikuwauliza." Akamvuta sato kwake, akaanza kula. Alikula nusu ndipo akaniangalia machoni. "Umenidanganya, Masatu, na mama yule ananywa. Kesho tunakwenda." Hakuongeza neno jingine juu yangu, siku ile wala baadaye.

Tulirudi Butiama, tukachota maji safari hii yeye mwenyewe akikoroga ndoo kwa mwiko wa mti kabla ya kujaza chupa. Majibu yalipokuja akauitisha tena mkutano. Sijawahi kuona mtu akisimama vile. Alisema, "Niliwaambia maji ni safi. Nilikosea. Sampuli zangu zilikuwa mbovu. Kosa ni langu, na naomba radhi, hasa kwako, mama Nyangeta." Sikusikia jina langu. Nilisubiri lije, na halikuja. Akaendelea kuwaeleza: zebaki inakaa kwenye tope. Maji yaliyotuama yana zebaki kidogo zaidi kuliko yaliyokorogeka, kwa hiyo desturi ya mitungi miwili iendelee. Tope lisimwagwe kwenye bustani ya mboga wala lisiachwe mtungini likawa jeusi, lifukiwe mbali. Watoto wanaochunga wasinywe kwa viganja lamboni. Na mashimo yahamishwe.

Nyangeta alikuwa mbele, karibu kujifungua. Akainuka akacheka kwa hasira. "Mwezi wa tano safi, mwezi wa kumi chafu! Kesho atatuambia ni maziwa! Haya, asante, Madamu Maji Safi!" Uwanja mzima uliangua kicheko. Watoto walitusindikiza mpaka barabarani wakiimba, "Maji Safi! Maji Safi!" Madamu aliwapungia mkono. Ndani ya gari alisema tu, "Wameelewa habari ya tope?" Nikasema wameelewa. "Basi waache waimbe."

Mashimo yalihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Mtoto wa Nyangeta alizaliwa salama, na Madamu alikwenda kumwona kila mwaka mpaka alipoanza shule, akimpa kalamu achore na kuitazama mikono yake kama ina mtetemo wa zebaki. Hayo nilisimuliwa. Mimi nilikuwa nimeondoka. Barua ya chuo hakuichana. Alinipa, imesainiwa, na pembeni aliandika kwa mkono kwamba mtu anayejua alikosea wapi anamfaa kuliko asiyejua kama amekosea. Niliikunja, nikarudi Kiriba, nikasema moyoni nitakwenda muhula ujao. Nililima pamba, nikavua dagaa, nikaoa, na barua imekaa kwenye sanduku mpaka karatasi imekuwa ya njano. Mara mbili alinitumia salamu kwa watu wa mnadani. Mara mbili nilisema nitakwenda. Nililoliogopa ni kuketi mezani kwake tena, na yeye aniwekee samaki kana kwamba hakuna kitu.

Alhamisi nilifika mapema. Watu walikuwa wengi: wakulima, wafugaji, walimu, wasomi kutoka mbali wenye viatu visivyofaa kwa vumbi letu. Baada ya ibada kiongozi mmoja kijana alisimama kusoma wasifu. Akasema kwa furaha kwamba wazee wa hapa walimpa marehemu jina la Maji Safi kwa sababu aliwapigania wapate maji safi. Vijana wakapiga makofi. Kwenye viti vya wazee nilisikia kikohozi, na mtu akasema chini chini, "Hawa watoto hawajuagi kitu." Mwanamke aliyekaa hapo alikuwa ameinamia fimbo yake, mabega yakitetemeka kwa kicheko alichokuwa akikizuia. Nilimjua kwa mdomo wake kabla ya uso. Alikuwa Nyangeta.

Mshereheshaji alipouliza kama kuna aliyefanya kazi na marehemu mwenye la kusema kwa kifupi, niliona mkono wangu uko juu. Nilipewa kipaza sauti. Nikasema, "Jina lile halikuwa sifa. Alizomewa nalo. Na aliyestahili kuzomewa ni mimi." Nikaeleza, kama nilivyoeleza hapa lakini kwa maneno machache: ndoo tatu, tope, mpapai, uongo, daftari nililolitazama. Nikasema alibeba kosa langu mbele ya kijiji hiki, na nilimwacha alibebe mpaka leo yuko ndani ya jeneza.

Nyangeta alinyanyuka kwa fimbo. "Subiri. Ndoo zipi hizo? Zile nilizokuazima mimi? Ukanivunjia na mishikio?"

"Hizo hizo, mama."

"Na si mimi niliyekwambia yaache yatuame?"

"Ulisema. Lakini Madamu alinikataza, na nilikuwa nimemwelewa yeye."

Aliiegemea fimbo yake kwa mikono miwili. "Kwa hiyo mimi nimemtania mtoto wa watu umri wangu wote," alisema, "na alikuwa akija kwangu kila mwaka, anacheka, anakunywa uji, hanijibu." Akajifuta macho kwa kona ya kanga. Aligeuka akalitazama jeneza, kisha akanigeukia mimi na kuninyooshea fimbo. "Haya. Jina lile tumemvua leo, aende bila hilo. Litakaa kwa mwenyewe. Wewe ndiye Maji Safi." Kicheko kilianza kwa wazee, kikaenda nyuma mpaka kwa vijana waliokuwa wamesimama kwenye uzio, kicheko cha msibani ambacho hakimkosei marehemu heshima. Nami nilicheka, machozi yakinitoka, nikaenda nikatupa udongo wangu kaburini.

Jioni nilitembea hadi stendi. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa pale kwenye uzio alinitambua kutoka mbali, akawasha pikipiki yake, akaniita mbele ya wenzake kwa sauti kubwa: "Mzee Maji Safi! Twende?"

Nikaitika.